Ngazi Kumi na Moja

Maktaba Kuu, Dawati la Mapokezi
4 Machi

Mdogo wangu Rula,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia, "Dada, niko kikaoni, nitakupigia," na simu ya mwezi wa kumi na moja bado naisubiri. Barua haikatiki. Utaisoma hata kama ni kwenye kiti cha kinyozi.

Nina hasira. Naanzia hapo usije ukadhani nakusalimia tu. Sisi wazima, goti langu ni lilelile, shemeji yako anakusalimu.

Lile jarida la safari lililoandika habari za maktaba kumi nzuri za kutembelea, umeliona? Sisi ni wa sita. Wa sita! Siku lilipofika nilifurahi mimi wa kwanza. Niliubandika ukurasa wetu ubaoni kwa mikono yangu miwili, sikujua nabandika hukumu.

Sasa wageni wanashushwa na mabasi mlangoni. Wanasimama katikati ya ukumbi wa kusomea, wanainua shingo kulitazama kuba, wanasema "Aah," wanapiga picha, wanaondoka. Hilo halinisumbui hata kidogo. Kitu kizuri kitazamwe. Nimekaa chini ya kuba lile miaka ishirini na saba, na bado kuna asubuhi naingia, mwanga umeshuka kutoka vioo vya juu mpaka mezani, nami nasimama na mkoba begani kama mgeni.

Anayenichemsha ni Mkurugenzi mpya. Wiki iliyopita ameweka kamba. Kamba nyekundu ya mahameli, mdogo wangu, na vijiti vya shaba, imezunguka meza zote kumi na nne. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni haruhusiwi mtu kukaa, kwa sababu, na haya ni maneno yake mwenyewe, "wasomaji wanaharibu picha."

Unawajua wanaoharibu picha? Mmoja ni Mzee Posta, mstaafu wa posta, anayekuja kila siku na mkongojo wake na kusoma magazeti yote, akianzia matangazo ya mwisho kurudi mbele. Koti lake la kijivu lina viraka kwenye viwiko, na Mkurugenzi analalamika kwamba linaonekana kwenye kila picha. Mwingine ni Mama Cherehani, fundi nguo wa barabara ya nyuma. Huu ni mwaka wa pili anasoma vitabu vya sheria, kwa kuwa kuna mtu anataka kumtoa kwenye kibanda chake na hana wakili zaidi ya macho yake mwenyewe.

Nilimfuata Mkurugenzi ofisini. Nikamwambia, "Bosi, meza hizi ziliwekwa watu wakae."

Akanijibu akitabasamu, "Mama, watu wamekaa vya kutosha. Sasa tuliache jengo lipumue."

Lipumue! Kwani tulikuwa tumelikalia pua?

Wewe ndiye msanifu majengo. Ulipokuwa mwanafunzi ulinitembeza humuhumu ndani ninamofanya kazi, ukanionyesha niliyokuwa siyaoni. Madirisha yako juu, upande ambao jua halipigi, ili mwanga ufike kwenye ukurasa bila kumchoma mtu macho. Sakafu ni ya mbao laini ili hatua zisisikike. Kuba lina matundu ya kutolea joto, watu mia mbili waweze kusoma adhuhuri bila kusinzia. Vipandio vya ngazi za mzunguko ni vifupi ili hata bibi afike juu. Kila wanachokipiga picha mle ndani kiliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye kitabu mkononi. Ukimtoa mtu huyo, wanapiga picha nini?

Niandikie haya kitaalamu, nimpelekee. Maneno yangu ameshayazoea.

Dada yako


13 Machi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nimesimama, kwa heshima ya hasira yako.

Lakini hebu tutulie kidogo. Mimi kazi yangu ni majengo, na nimeona yanavyokufa. Huwa hayafi kwa kutazamwa sana, Dada, yanakufa kwa kusahaulika. Hapa mjini kulikuwa na maktaba ya ghorofa mbili yenye nguzo za mawe ya kuchonga. Hakuna aliyeipiga picha. Siku moja nilipita, nikakuta maegesho ya magari. Wewe mwenyewe uliniambia paa linavuja juu ya vitabu vya historia. Nani atalitengeneza? Wakubwa hawapandi juu ya paa kwa ajili ya Mzee Posta. Kwa ajili ya wageni watapanda.

Kamba inaweza kutolewa siku yoyote. Kuba likianguka halirudi. Na tuseme ukweli, msomaji anaweza kusoma popote, ila jengo kama lile huwezi kulihamisha.

Kuhusu kumwandikia Mkurugenzi, kwa sasa siko katika nafasi nzuri. Taaluma yetu ina taratibu zake, mtu haingilii kazi asiyoombwa. Utanielewa.

Mimi mwenyewe nina hamu ya kuliona. Tangu tulipomzika mama sijakanyaga huko, mwaka wa saba huu.

Msalimu shemeji. Goti lipake dawa, usiwe mbishi.

Mdogo wako,
Rula


29 Machi

Mdogo wangu,

"Msomaji anaweza kusoma popote." Nimeirudia sentensi hiyo nikifua, nikipika, nikipanga kadi za vitabu. Na mgonjwa naye alazwe popote? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Jumanne lilikuja lori. Wakashusha vitabu vyote vya rafu za juu, zile zinazozunguka chini ya kuba. Elimu ya mimea, safari, historia ya dawa, ushairi wote. Wakavitia kwenye maboksi bila orodha. Niliposema, "Jamani, kuna namba za mpangilio," kijana wa makasha akaniambia, "Mama, vyote ni vitabu." Vimepelekwa ghala nisilolijua.

Mahali pake wamepachika mbao. Plaiwudi nyembamba, Rula, iliyochorwa migongo ya vitabu. Mistari ya dhahabu, kijani, nyekundu, kila kitu. Nilipanda nikaigonga. Ikalia ko, ko, ko, kama mlango. Jana mgeni mmoja, mwanamke mpole mwenye kofia, aliniomba nimshushie kile cha kijani. Nikamwambia hakishuki. Akaondoka akidhani namnyima.

Na wasomaji je? Wamepewa stoo ya chini. "Chumba Kipya cha Kusomea," ndivyo kilivyoandikwa. Kina kidirisha kimoja kilicho usawa wa barabara, kwa hiyo unasoma huku unatazama viatu vya wapita njia. Unyevu umeshapanda ukutani mpaka usawa wa kiuno. Na kufika huko ni kwa ngazi za saruji. Nimezihesabu kwa goti hili hili: kumi na moja. Hazina pa kushika. Katikati zinapinda, taa haifiki, na ngazi ya nane ni pana kuliko nyingine, hiyo ndiyo inayodanganya mguu.

Mlango wa nyuma, ule wenye njia ya mteremko ambao Mzee Posta alikuwa akiingilia, na akina mama wenye vigari vya watoto, umezibwa kwa matofali. Kwa ndani pale patauzwa kadi zenye picha ya maktaba.

Nilimuuliza Mzee Posta anashukaje. Akasema, "Polepole, kama barua ya kawaida."

Ukijua namna wasomaji wanavyoniita Mama Kimya kwa jinsi ninavyowanyamazisha, utajua nimefika wapi kama nakupigia kelele wewe. Sikuombi hotuba. Niandikie mistari mitatu tu: kwamba chumba kile hakifai na ngazi zile ni hatari. Kanuni unazijua. Mstari wa nne uweke saini yako. Mkurugenzi hanisikii mimi kwa sababu mimi ni mtu wa kugonga mihuri, wewe atakusikia.

Nasubiri.

Dada yako


8 Aprili

Dada,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizonga.

Vile vitabu vya mbao vimenisikitisha. Sidhani vilikuwemo kwenye mpango wa mwanzo. Wakati mwingine watu wa eneo la kazi hujiongezea mambo.

Kuhusu ngazi, vumilieni kidogo. Ni za muda tu. Awamu ya pili itakuwa na lifti ndogo upande wa chumba cha ramani. Na lile dawati la mviringo litakalokaa chini ya kuba, naamini wewe mwenyewe utalipenda, litakuwa la mbao ileile ya ngazi za mzunguko. Mambo yakikamilika utaona picha yote.

Mistari mitatu nitaiandika nikipata nafasi. Jitunze.

Rula


OFISI YA MKURUGENZI, MAKTABA KUU
16 Aprili

Kwa: Mkutubi, Dawati la Mapokezi

YAH: KUPIGA KELELE KATIKA ENEO LA WAGENI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mnamo tarehe 14 Aprili, majira ya saa tano asubuhi, mbele ya wageni thelathini na wawili, ulisikika ukisema kwa sauti ya juu, "Hicho si kitabu, ni ubao!" na baadaye, "Gongeni wenyewe!" Wageni wapatao tisa waligonga. Kitendo hicho kimeharibu rangi na taswira ya taasisi.

Kwa barua hii unaonywa. Aidha, kuanzia tarehe 18 Aprili unahamishiwa Chumba Kipya cha Kusomea, ambako huduma yako inahitajika zaidi.

Nakutakia kazi njema.

Mkurugenzi


24 Aprili

Rula,

Leo sikuandikii "mdogo wangu". Mkono umegoma.

Juzi saa nne na robo nilikuwa chini, kwenye hiyo stoo niliyohamishiwa, napangusa ukungu kwenye magazeti. Nikasikia mkongojo. Ulishuka peke yake, ko, ko, ko, mpaka miguuni pangu. Ndipo nikamsikia yeye.

Ngazi ya nane. Nilimkuta amelala kichwa chini miguu juu, magazeti bado kayabana kwapani. Nikamwambia, "Mzee wangu, usijisogeze." Akaniuliza, "Mama Kimya, hayajachanika?"

Nyonga imevunjika. Mlango wa mteremko una matofali, kwa hiyo ilibidi watu wanne wambebe kwenye ubao wa meza, wapande naye ngazi zilezile, kisha wapite naye katikati ya ukumbi. Wageni walikuwa wamejaa. Mzee wa watu analia kimya, jasho linamtiririka, na Mkurugenzi anatembea mbele akipunga mkono: "Pembeni, tafadhali, mpitisheni pembeni." Pembeni, ili asikatize picha. Mimi nilipita katikati. Kamba yao niliiangusha kwa mguu, na goti halikuuma hata kidogo.

Nilipotoka hospitali nilikwenda ofisini kwake kuandika taarifa ya ajali. Aliniacha peke yangu akaenda kupokea simu. Ukutani kwake kuna mchoro mkubwa ambao sijawahi kuuona. Kuba letu. Nguzo zetu. Na chini ya kuba, dawati la mviringo.

Dawati la mviringo! Mimi sikuwahi kukuandikia habari za dawati la mviringo. Wala lifti. Niliisoma barua yako ile nikadhani labda wasanifu wote mnaota ndoto moja. Nikasogea kwenye kona ya mchoro. Kuna jina la ofisi yenu, na pembeni, kwa mkono, tarehe. Ile saba yako yenye mkia. Nani alikufundisha kuandika saba, Rula? Si mimi, kwenye kibaraza cha nyumbani, ulipokuwa unalia unasema haitaki kusimama?

Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa nakuletea mashtaka ukiwa wewe ndiye mshtakiwa. Nilikuomba mistari mitatu dhidi ya mistari yako mwenyewe. Na ukanijibu kwa upole. Upole wako ndio ulioniuma kuliko yote.

Nimeutazama mchoro ule muda mrefu. Ndani yake umewachora watu. Wamesimama, wamevaa vizuri, wanatazama juu. Hakuna hata mmoja aliyekaa. Hakuna hata mmoja mwenye kitabu. Nataka unijibu jambo moja tu: ulipokuwa unazichora ngazi zile, uliuona mguu wa nani?

Mkutubi,
Chumba cha Chini


1 Mei

Dada,

Hata kama hutaki nikuite hivyo, sina jina lingine la kukuita.

Ni kweli. Michoro ni yangu. Zabuni ilipotangazwa mwaka jana nikaona ni jengo lile, niliwaambia wenzangu ofisini, "Hili niachieni mimi." Nilitaka siku moja uingie kazini, utazame juu, uambiwe hii ni kazi ya mdogo wako. Ndiyo maana mwanzoni sikukuambia, nilikuwa nakuandalia furaha. Baada ya barua yako ya kwanza nikanyamaza kwa sababu nyingine.

Sikuja kulipima. Nililichora kwa picha na ramani za zamani, nikijidai nalijua. Kwenye kumbukumbu yangu kulikuwa na kuba, nguzo, mwanga, ngazi za mzunguko, na ukumbi mtupu. Wiki hii nimejiuliza, kwa nini mtupu? Tulikuwa tunabanana watatu kwenye kiti cha wawili pale. Nadhani ni chuoni tulikosomea. Miaka mitano tulionyeshwa picha za majengo mazuri yasiyo na mtu hata mmoja, mpaka macho yakazoea, ukimwona mtu unaona ni uchafu.

Wenye zabuni waliniambia wasomaji wahamishwe kwa muda. Nikatafuta nafasi kwenye karatasi, nikaona stoo, nikavuta mistari. Mlango wa nyuma niliuziba kwa sababu haukulingana na ule wa upande wa pili. Vitabu vya mbao sikuvichora, ila niliandika kwenye rafu za juu neno moja, "mapambo". Neno hilo moja ndilo lililoleta lori.

Lakini la kukuambia hasa ni hili. Ulipoandika kwamba ngazi ni kumi na moja, niliufungua mchoro nikazihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Niliiona ya nane, pale zinapopinda. Niliona hazina pa kushika. Kanuni naijua kwa moyo. Nikaufunga mchoro, nikakuandikia habari za lifti. Na lifti yenyewe haipo, Dada. Haijawahi kuidhinishwa.

Umeniuliza niliuona mguu wa nani. Sikuona mguu wowote.

Mzee Posta nitamwandikia mwenyewe.

Rula


Hospitali, Wodi ya Wanaume, kitanda cha 19
22 Mei

Bwana Msanifu,

Barua yako imefika. Stempu uliibandika kichwa chini, lakini imefika.

Nimefanya kazi ya posta miaka thelathini na moja, barua za pole nimezibeba nyingi mno. Yako ina kurasa nne. Nimezisoma zote, maana hapa kitandani kazi yangu ni kuhesabu vigae vya dari. Kurasa tatu na nusu unaeleza jinsi wewe ulivyoumia. Nusu iliyobaki ni nyonga yangu. Siyo neno, wewe bado kijana.

Dada yako haandiki kwako, najua. Kwa hiyo nitakupa habari mimi, kama nilivyozipata kwa Mama Cherehani, na yeye akisimulia hapunguzi kitu.

Jumatano ya wiki iliyopita, saa tano, ukumbi umejaa wageni. Mama Cherehani akafika na kitabu chake cha sheria kwapani. Akainyanyua kamba kwa kidole, akamwambia mlinzi, "Samahani baba, nimechelewa kusoma," akapita, akakaa. Nyuma yake binti anayesomea uuguzi. Nyuma yake walimu wawili wastaafu, kisha kinyozi, kisha mama na mapacha. Kufika saa sita meza zote kumi na nne zimejaa, waliokosa viti wako sakafuni, na hakuna aliyesema hata neno moja. Dada yako akapanda kutoka stoo, akasimama kwenye dawati lake la zamani, akaanza kugonga mihuri.

Mkurugenzi alikuja mbio akinong'ona, maana hata yeye alikumbuka pale ni maktaba: "Tokeni! Tokeni!" Hawakutoka. Wageni wakaacha kupiga picha kuba, wakawageukia wasomaji. Kisha wakaacha kupiga picha kabisa. Mmoja akauliza kama na yeye anaweza kupewa kitabu. Dada yako akampa, cha karatasi.

Wamefanya hivyo siku sita mfululizo. Mkurugenzi ameiandikia Bodi ya Maktaba kwamba jengo limevamiwa. Ni kweli limevamiwa, na watu wanaosoma. Dada yako amesimamishwa kazi tangu juzi. Alikuja hapa kunitazama, akaketi kitandani pangu, akakunja mikono hivi, akasema, "Mzee wangu, leo sina pa kwenda." Miaka ishirini na saba, bwana.

Bodi inakaa huko huko mjini kwenu tarehe tatu Juni. Wewe unaweza kufika kwa miguu. Sisi hatuwezi, mimi hasa.

Pole yako siitaki. Nenda.

Mzee Posta


5 Juni

Dada,

Nimekwenda. Sikualikwa, kwa hiyo nilikaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili. Saa saba mhudumu alinionea huruma akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyechora Maktaba Kuu. Akaenda ndani, nikaitwa.

Mkurugenzi wenu alikuwepo, na picha zake kubwa za rangi. Alikuwa ameshawaeleza kwamba kuna mkutubi mkorofi anayewachochea watu. Mwenyekiti ni mama mtu mzima, haongei sana. Akaniambia, "Haya, msanifu, dakika tano."

Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakayeyuka. Nikautandaza mchoro mezani. Nikawaambia, "Naomba mtafute humu mahali ambapo mtu mmoja anaweza kukaa na kitabu."

Mwenyekiti akavaa miwani. Akatafuta. Wote wakainama wakatafuta, muda mrefu, mpaka mmoja akaonyesha stoo kwa kalamu. Nikamwambia, "Hapo mzee mmoja amevunjika nyonga. Nilijua ngazi ni mbaya tangu mwezi wa nne. Dada yangu aliniandikia, nikanyamaza." Nikawapa barua zako, zote tatu. Nisamehe, sikukuomba ruhusa. Mwenyekiti alizisoma palepale. Kwenye ile ya kugonga mbao alicheka, kisha akamtazama Mkurugenzi bila kucheka.

Nikaondoa saini yangu kwa maandishi. Kazi imesimamishwa. Wamesema barua ya kukurudisha kazini itatoka wiki hii. Mkurugenzi hakuguswa, wanasema alikuwa akitekeleza mchoro tu.

Wenzangu ofisini wameniomba nipumzike kwa muda usiojulikana. Najua maana yake.

Sikuandikii nipate kusifiwa. Nilitaka tu uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa Mama Cherehani.

Rula


Maktaba Kuu, Dawati la Mapokezi
30 Juni

Mdogo wangu,

Barua za watu haziwekwi mezani kwa Bodi bila ruhusa. Hilo nalisema kwanza. Kwenye ile ya pili nilikuwa nimeandika mambo ya sikio lako, na sasa wakubwa wa taifa zima wanajua nataka kukuvuta.

Nimerudi kazini tarehe kumi na mbili. Hakuna aliyeniomba radhi. Mkurugenzi alinipita kwenye korido, akasema, "Karibu tena, mama," kama vile nilikuwa likizo. Nikamwambia, "Asante. Vitabu vyangu viko wapi?" Hadi leo nasubiri. Tumeyapata maboksi arobaini na moja, ushairi haujaonekana. Hilo sitalinyamazia, niko tayari kuitwa Mama Kelele.

Kamba imeondoka. Wageni wanaingia bado, wengi tu, na sasa wanapita kando kwa kunyata, maana katikati kuna watu. Jana nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Tazama mwanga unavyoangukia mikono yao." Nikajifanya sikusikia, nikarudi dawatini kugonga mihuri. Ndicho ulichonifundisha ukiwa na miaka ishirini, kisha ukakisahau wewe mwenyewe. Hasira yangu hasa iko hapo. Mkurugenzi hajawahi kujua, kwa hiyo hana cha kusahau. Wewe ulijua.

Mbao bado ziko juu. Mapacha wa yule mama wanapanda kuzigonga kila Jumamosi, nami siwakatazi.

Stoo imefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwangu. Mlango wa nyuma haujafunguliwa. Bodi imesema matofali yabomolewe, mafundi wamekuja na nyundo, ila wanasema hawavunji mpaka waone mchoro wa njia mpya, kwa kuwa ule mteremko wa zamani ulichimbwa. Nikawauliza nani atauchora. Wakainua mabega.

Mzee Posta ametoka hospitali tangu Ijumaa. Anatembea kwa magongo mawili, hatua ishirini kisha anapumzika. Hajafika maktaba bado. Magazeti nampelekea nyumbani, analalamika kwamba nayakunja vibaya. Nilimweleza habari ya mafundi. Akafikiri, akasema, "Mwite yule bwana. Aje na futi yake, apime akiwa anatembea na mimi, kwa mwendo wangu. Nikichoka kabla ya mlango, afute, aanze upya."

Mshahara hakuna, nimeuliza. Barua rasmi hakuna. Kuna kazi tu.

Chumba chako nimekipangusa. Shemeji yako amekutengenezea kitasa. Njoo Jumatatu, na safari hii uje kwa miguu yako mwenyewe uingie ndani, usitazame picha.

Kuhusu kukusamehe, usiniulize mlangoni. Ingia kwanza.

Dada yako